Halifax na watoto: mwamba mweusi usikanyagwe

Abiria wengi wa meli za kitalii wanaoshuka Halifax, Kanada, hupanda basi kwenda Peggy's Cove, kilomita 40 na ushei, kuona mnara wa kuongozea meli. Mnara unapendeza kweli, lakini mtoto ashikwe mkono. Miamba myeusi ndiyo inayofikiwa na maji. Inateleza, na wimbi kubwa huja ghafla hata bahari ikionekana shwari. Watu wamekufa pale. Picha zipigwe kwenye jukwaa la kutazamia.

Dawa ya pumu ya mtoto isiachwe melini. Mgeni hulipia matibabu Kanada, hivyo bima ikaguliwe kabla ya safari. Namba ya dharura ni 911. Saa ya kurudi melini iulizwe kabla ya kushuka, aliyechelewa huachwa.