Mpelelezi Asiye na Bastola Si Mchezo wa Watoto

Mazungumzo ya vitabu yakifika kwenye riwaya za upelelezi, hukumu hutoka upesi: upelelezi ni bastola, magari yanayofukuzana na damu ukutani. Riwaya ambamo bibi kizee mwenye sindano za kufumia anamfichua mwuaji wa jirani yake huonekana ni umbea wa kupotezea jioni, kitu cha kumwachia mtu asiyeweza kusoma vitabu vizito. Hukumu hiyo naipinga. Ni ya kivivu, na imewanyima wasomaji wengi vitabu bora.

Haikuanzia kwetu. Mwaka 1944 Raymond Chandler, mwandishi Mmarekani aliyemzua mpelelezi Philip Marlowe, aliwashambulia waandishi wa mtindo wa Kiingereza akidai kuwa mauaji yao ni mafumbo matupu yasiyofanana na maisha, na kwamba mwandishi mwenzake Dashiell Hammett ndiye aliyeyarudisha mauaji kwa watu wenye sababu za kuua. Kwa Kiswahili, hukumu ya namna hiyo ilipata nguvu alipokuja Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa serikali anayevuka mipaka na silaha kiunoni. Namheshimu Willy Gamba. Ila kumheshimu hakunilazimishi nikubali kwamba yeye ndiye kipimo cha wapelelezi wote.

Hebu tuzitazame hizo sababu za kuua. Shamba la urithi. Wosia uliobadilishwa kimyakimya. Deni. Wivu. Hofu ya siri ya zamani kujulikana. Hayo hayatoki kwa majambazi waliovuka bahari. Yako ndani ya nyumba, kati ya watu wanaopakuliana chakula. Ndipo anapofanyia kazi Miss Marple wa Agatha Christie, mkaazi wa kijiji cha St Mary Mead, ambaye riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilitoka mwaka 1930. Hana hati ya kupekua nyumba ya mtu. Hana pingu wala mahabusu. Hawezi kumpiga mtuhumiwa mpaka akiri. Amebakiwa na macho, masikio na kumbukumbu ya watu aliowaona kijijini miaka mingi: huyu anayejifanya mkarimu anamkumbusha fulani aliyewahi kuiba, yule anayelia sana anamkumbusha fulani aliyelia vilevile. Sisi tunaojua jinsi mtu anavyoweza kukiri asilolitenda akishateswa, tunapaswa kuwa wa kwanza kuuona uzito wa mpelelezi ambaye ukweli wake hautoki kwenye kipigo.

Kisha wenye dharau wanasema vijiji vya riwaya hizi ni vya ndoto, havina historia. Wasome A Murder Is Announced ya mwaka 1950. Uingereza imetoka vitani, chakula bado kinagawiwa kwa vitabu vya mgao, na kijiji kimejaa wahamiaji. Zamani mgeni alifika na barua ya utambulisho kutoka kwa mtu mnayemjua. Sasa anafika na karatasi za serikali, na hakuna awezaye kuapa kwamba jina lililo juu ya karatasi ni lake. Kitendawili chote cha riwaya kimesimama juu ya hofu hiyo. Ni picha ya jamii iliyopoteza uhakika wa nani ni nani, na Christie aliichora bila kumwaga ndoo ya damu.

Kuhusu madai kwamba riwaya hizi ni nyepesi, nina jambo moja zaidi. Mwaka 1977 mtoto mdogo aliletwa hospitali moja ya London kutoka Qatar, mahututi, na madaktari hawakuujua ugonjwa wake. Muuguzi aliyekuwa akisoma The Pale Horse, riwaya ya Christie ya mwaka 1961, aliona dalili za mtoto zinafanana na za waliolishwa sumu kitabuni, hata nywele kunyonyoka. Akawaambia madaktari. Vipimo vikaonyesha ni thaliamu, na mtoto akapona. Christie aliwahi kufanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sumu alizijua kwa mikono yake.

Katika riwaya hiyohiyo watu wanaamini kwamba vifo vinasababishwa na uchawi. Mwaka mmoja kabla yake, 1960, ilikuwa imechapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mshindi wa shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo hofu peke yake ingetosha kufunga kesi. Bwana Msa, na kiko chake, akiwa na rafikiye Najum, haikubali hofu hiyo kuwa ni jibu. Anauliza, anapima, anaunganisha. Si askari. Tunaye basi, tangu kabla ya uhuru, mpelelezi raia aliyesimama mbele ya ushirikina na kudai ushahidi, halafu tunaambiwa aina hii ya riwaya ni mchezo wa watoto!

Nakubali kuna vitabu dhaifu vya aina hii, vingi tu. Kuna mifululizo ambamo marehemu husahaulika kabla ya sura ya tatu na mapishi ya keki hupewa kurasa nyingi kuliko msiba. Hivyo sivitetei. Namtetea Bwana Msa na Miss Marple, na pia Mma Ramotswe wa Alexander McCall Smith, aliyefungua ofisi yake ya upelelezi Gaborone kwa fedha za mifugo aliyoachiwa na babake, na ambaye kesi zake nyingi hazina hata maiti: ni mume aliyepotea, ni tapeli, ni mtoto asiyejulikana alipo.

Waandishi wetu wasiogope dharau hii. Mjumbe wa nyumba kumi anajua nani kahamia jana usiku bila godoro. Mama ntilie anajua nani ameacha ghafla kula kwa mkopo. Muuza duka anajua nani ananunua sumu ya panya katika nyumba isiyo na panya. Nataka kuwasoma watu hao, kitabu baada ya kitabu, katika mtaa mmoja unaozeeka pamoja nao, na nataka wachapishaji waache kuwauliza waandishi bastola iko wapi.