MGOMBEA MWENZA SI TENGO LA NGALAWA



Uchaguzi wa 2030 bado uko mbali, lakini maneno yamekwisha kuanza barazani, na maneno ya barazani ndiyo yanayokuja kuwa maazimio ya mkutano mkuu ikiwa hapana aliyeyakata mapema. Inasemwa kwamba safari ijayo tutafute mtu mzito wa Bara, khasa wa upande wa Arusha na Meru, kwani huko upinzani una mizizi; kisha tumtie pembeni yake Mzanzibari mwenye jina, ati aipe tiketi nguvu. Wimbo huu tumeimbiwa mara tatu katika miaka kumi, na mara zote tatu tumeuitikia kwa vigelegele. Karatasi hii inasema: safari hii tusiitikie mpaka tumeuliza bei.

Natuanze na mara ya kwanza, kwani ndiyo iliyotugharimu zaidi. Tarehe 30 Mei 2015, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha (na laiti mshairi yule angeliona yote yaliyosemwa katika uwanja wenye jina lake!), marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa Mbunge wa Monduli, alitangaza nia yake ya kuutaka urais. Aliitangaza kwa CCM, si kwetu. Mwezi wa Julai CCM wakalikata jina lake huko Dodoma. Tarehe 28 Julai akaingia Chadema. Tarehe 4 Agosti mkutano mkuu wa Chadema ukamthibitisha kuwa mgombea urais, na pembeni yake akasimamishwa Bwana Juma Duni Haji, aliyekuwa Makamo Mwenyekiti wa CUF. Hesabuni wenyewe: siku saba. Posa ya binti wa shamba huchunguzwa muda mrefu kuliko huo.

Wala si kama Bwana Duni hakuwa mtu wa kutosha. Huyu ni mmoja wa wale 18 wa CUF walioshtakiwa kwa uhaini, wakakaa ndani mpaka Novemba 2000. Huyu alikuwa Waziri katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa hapa Zanzibar, na 2010 alikwisha kusimama pamoja na Profesa Lipumba kwa nafasi hiyo hiyo. Kwa uzoefu wa mateso na wa kazi, hapana wa kumsimanga. Tunachokisema ni namna alivyotumiwa. Kwa kuwa Katiba inataka Rais na Makamo wake wapendekezwe na chama kimoja, na kwa kuwa sheria haikutoa njia ya vyama kuungana na kusimamisha mgombea mmoja, mzee huyu alilazimika kuivua kadi ya chama alichokipigania miaka ishirini na kuvishwa kadi ya chama cha watu wengine, mbele ya kamera, ili jina lake lipate kuandikwa chini ya jina la mtu wa Monduli. Wazee wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi tuliazimisha nguo na aliyeivaa.

Na mavuno yalikuwaje? Mkoa wa Arusha ulivuna. Ukihesabu na jimbo la Arusha Mjini, ambako uchaguzi wa ubunge ulicheleweshwa kwa msiba wa mgombea mmoja ukafanywa Desemba, Chadema walichukua majimbo sita kati ya saba: Arusha Mjini, Arumeru Mashariki, Arumeru Magharibi, Monduli, Karatu na Longido. Ngorongoro peke yake ndiyo iliyobaki kwa CCM. Bwana Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6, idadi ambayo hapana mpinzani aliyewahi kuifikia kabla yake. Sisi je? Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Bwana Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wetu wote. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku ile ile, katika skuli zile zile, na watu wale wale, zilihesabiwa kuwa halali, akaapishwa mtu kwa kura hizo. Za kwetu zikawa haramu. Machi 20, 2016 wakarejea kupiga kura peke yao.

Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kuijua nguvu ya tiketi. Tiketi yenye nguvu ni ile ambayo mmoja akipigwa, wote wawili wanalia. Jee, wabunge wale walikataa kuapa mpaka haki ya Zanzibar irudi? Waliapa. Walitoka ukumbini, walipiga kelele, twakubali. Kisha posho zikaendelea. Na aliyekuwa kichwa cha tiketi akarudi CCM tarehe 1 Machi 2019, akapokewa kama mwana aliyekuwa safarini. Wakati huo huo, mwezi ule ule, Maalim Seif, Bwana Duni na maelfu yetu tulikuwa tukihama nyumba yetu ya CUF, iliyokwisha kuvunjwa kwa kesi na fitina, tukiingia ACT-Wazalendo na mizigo kichwani. Marehemu hasemwi, na Bwana Lowassa amekwisha kuzikwa kwao Monduli 2024. Lakini mkataba tusiouandika, huo ni wetu sisi tulio hai.

Mtu asije akasema tunawachukia watu wa Arusha. Laa hasha! Hapana watu wa Bara walio karibu zaidi na sisi kwa jambo hili la kunyang'anywa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, nyumba zikatiwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakafanya nini? Hawakungoja mkubwa wa mahali pengine awachagulie msemaji wa kumpamba. Walichangishana fedha zao wenyewe, wakamtoa kijana wao Kirilo Japhet, na 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kueleza dhulma ile. Katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili, na ardhi haikurudi kwa azimio. Lakini kila aliyemsikiliza alijua katumwa na nani, na alikuwa na hesabu ya kurudi kuwapa waliomtuma. Hilo ndilo tunalolitaka kwa mtu wetu, nasi tunalichukua kutoka Meru bila ya haya.

Sasa nafasi yenyewe ni nini, hatta igombaniwe hivi? Vijana wengi hawajui kwamba mgombea mwenza ni kitu cha juzi. Tangu Muungano wa 1964, Rais wa Zanzibar alikuwa Makamo wa Rais wa Jamhuri kwa cheo chake. Hakutafutwa, hakupambwa, hakuombwa. Kweli, zama zile chama kilikuwa kimoja, na hatuzililii. Lakini vyama vingi vilipokuja, wakubwa waliona khatari: Zanzibar ingeweza kumchagua mpinzani, naye akaingia Ikulu ya Muungano kwa mlango wa mbele. Ikaja Katiba ya marekebisho ya kumi na moja, 1994. Rais wa Zanzibar akaondolewa katika umakamo, akabakishiwa kiti katika Baraza la Mawaziri. Na Makamo akawa mtu anayepigiwa kura pamoja na Rais, mmoja atoke upande huu wa Muungano na wa pili upande wa pili. Uchaguzi uliofuata, wa 1995, hesabu za Tume zilimpa Dkt. Salmin Amour asilimia 50.2 na Maalim Seif asilimia 49.8. Basi mtaona kwamba waliokata shauri 1994 hawakuwa wakiota ndoto.

Tangu hapo kiti hicho walikikalia Wazanzibari wanne mfululizo: Dkt. Omar Ali Juma, Dkt. Ali Mohamed Shein, Dkt. Mohamed Gharib Bilal na Bibi Samia Suluhu Hassan. Wote wa CCM. Katiba, kifungu cha 47, inamwita Makamo msaidizi mkuu wa Rais katika mambo yote ya Muungano. Kwa maneno mengine, kila kero ya Muungano tunayoipigia kelele, tangu mgawano wa fedha mpaka ushuru wa bidhaa bandarini, inapita katika meza yake. Na sisi tunamtafuta mtu wa kukaa katika meza hiyo kwa siku saba!

Ngalawa ina matengo mawili. Tengo linazuia chombo kisipinduke, na bila ya tengo hapana safari. Lakini tengo halishiki usukani, halijui kinakokwendwa, na pwani likifika huachwa juani. Hivyo ndivyo alivyofanywa mgombea mwenza wa Kizanzibari katika upinzani. Ilhali sheria haimwoni kuwa tengo. Mwaka 2005 mgombea mwenza wa Bwana Freeman Mbowe, Mzanzibari Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura. Uchaguzi wa Muungano wote ulisimama, kutoka 30 Oktoba mpaka 14 Desemba, nchi nzima ikangoja kwa sababu ya jina moja la pili. Nendeni leo Arusha, nendeni Hai kwa Bwana Mbowe mwenyewe, muulize sokoni: ni nani yule? Twakhofu hatta hapa Unguja wengi mtakuna vichwa.

Kisha ikaja 2021. Mwezi wa Julai 2015, CCM walipomtaja Bibi Samia wa Makunduchi, wangapi katika sisi walicheka wakasema kaingizwa kujaza nafasi? Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 serahangi alishika usukani. Hatumsifu, kwani chama chake si chetu na ya serikali yake tumeyaandika na tutayaandika. Ila wenzetu hawa, kwa kujua au kwa bahati, walimweka katika nafasi ya pili mtu ambaye siku mbili zilimtosha kuwa wa kwanza. Sisi 2015 tulimuuliza mtu wetu ataleta kura ngapi. Hapana aliyeuliza: nahodha akianguka, huyu atatupeleka wapi, na Katiba ya chama cha watu itamruhusu kutupeleka?

Wala hatukujifunza. Julai 2020 alikuja Bwana Bernard Membe, naye kafukuzwa CCM mwezi wa Februari. Tukamkabidhi tiketi, na kabla ya siku ya kura viongozi wetu wenyewe walikuwa wakimnadi Bwana Tundu Lissu wa Chadema. Agosti 2025 alikuja Bwana Luhaga Mpina, naye katoka CCM mwezi ule ule, akatiwa pembeni yake Bibi Fatma Fereji, mwanamke aliyekwisha kuwa Waziri hapa kwetu. Pingamizi ikatoka ndani ya chama chenyewe, kwamba mgombea hakutimiza muda wa uanachama unaotakiwa na kanuni zetu wenyewe! Msajili akaipokea kwa mikono miwili, Mahakama ikamrejesha, Tume ikamwengua tena Septemba, na Bibi Fatma akazama pamoja naye bila ya kosa lake. Twajua kwamba mlango ulikuwa ukitafutiwa sababu ya kufungwa. Lakini ufunguo tuliupeleka sisi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mara tatu kamba hiyo tumejifunga wenyewe.

Watatujibu kwa hesabu. Watasema: daftari la 2015 lilikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 23, na Zanzibar nusu milioni tu, bila ya mtu wa Bara mtashinda vipi? Hesabu ni sahihi, jibu ndilo lisilofuata. Kwa hesabu hiyo hiyo, Mzanzibari hakuongezwa katika tiketi kwa kura zake. Ameongezwa kwa sababu Katiba inalazimisha. Mgombea wa Bara hawezi hatta kurudisha fomu bila yake. Mwenye kitu ambacho mwenziwe hawezi kutoka bila yake haendi sokoni kukigawa bure. Na anayechukuliwa kwa ajili ya kura peke yake, kura zikisha hana kazi: tazameni Kenya, ambako Bwana Rigathi Gachagua alichukuliwa 2022 kwa ajili ya kura za Mlima Kenya, na tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa katika unaibu wa Rais, asifike hatta nusu ya pili ya muhula kwa salama.

Kwa hiyo tunataka mambo yapinduliwe. Mzanzibari wa tiketi achaguliwe kwanza, na achaguliwe hapa, na wajumbe wa Unguja na Pemba kwa kura ya siri, mwaka mzima kabla ya fomu kutolewa. Wala asipokewe mgombea urais yeyote, awe wa Arusha au wa Kigoma, mpaka amekaa naye uso kwa uso na kutia saini yale watakayoyafanya katika mambo ya Muungano, na saini hiyo ichapishwe katika karatasi kama hii kila mwanachama aisome. Aliyeingia chama jana asubiri kama wengine walivyosubiri. Akiona uzito wa kutia saini, barabara ya kurudi Dodoma anaijua.

Vikao vya matawi vya mwezi huu viliweke jambo hili katika ajenda, kura ihesabiwe, na idadi iandikwe katika kumbukumbu, wanaokubali na wanaokataa. Tawi lisilokutana, wanachama wake wamuulize Katibu wao kwa nini.