Ridhaa Isiyo na Hiari

Wako wasomi wasemao kwamba mwanamke aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukubali kukeketwa, na kwamba serikali ikimzuia yaivunja katiba. Neno hili lina sura nzuri, bali moyoni mwake hamna haki.

Hoja hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya na daktari Tatu Kamau, aliyeipinga sheria ya mwaka 2011. Tarehe 17 Machi 2021 majaji waliikataa. Sheria ile humlinda mwanamke wa umri wowote. Hutamka kuwa ridhaa ya mkeketwaji si utetezi. Na kumvusha mtu mpaka akakeketwe ng'ambo ni kosa vilevile.

Sasa na tuvuke mpaka wa Sirari, tuingie Tarime. Wakurya ni watu wamoja waliogawanywa kwa mstari wa wakoloni. Lakini kifungu chetu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichotungwa mwaka 1998, humtisha kwa kifungo cha miaka 5 hata 15 yule tu mwenye ulezi wa mtu aliye chini ya miaka 18. Aliyeupita umri huo hatajwi. Basi ndugu wawili, mmoja akaaye Isebania na mwingine Sirari, ni sawa kwa damu na si sawa kwa sheria.

Twaambiwa: mtu mzima ajichagulie. Ajichagulie baina ya nini na nini? Asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo humfuata kisimani na arusini. Wako wakwe wanaomkataa, wako wazee wanaompunguzia ng'ombe za mahari. Kila Desemba wasichana hukimbilia nyumba za hifadhi za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti. Akimbiaye ana miaka 17 twakiri kuwa ashurutishwa. Je, asubuhi anapotimiza 18, shuruti hiyo hufa usiku wake? Wazee ni wale wale, wembe ni ule ule. Kilichobadilika ni tarakimu.

Wengine husema mahakama isiingilie mila. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa kwetu. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019, zilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, ni kinyume cha katiba. Mila na dini zilitajwa katika utetezi, hazikutosha.

Walakini Mahakama Kuu ilitoa muda wa mwaka mmoja sheria irekebishwe, na mwaka ukapita bure. Hukumu isiyofuatwa na Bunge ni jembe lisilo mpini.

Kwa hiyo dai letu ni fupi: tarakimu 18 ifutwe katika kifungu cha 169A, na ridhaa isiwe ngao ya ngariba. Hiari isiyoweza kusema "sitaki" haiwezi kusema "nataka".