Kelele za Wazee, Mpira wa Wanafunzi

Hapa Lubumbashi tunajua taabu ya nyumba ambamo baba ni wa Mazembe na shemeji ni wa Lupopo: siku ya mechi, hata sombe hailiki vizuri. Basi mujue kwamba kule Marekani wametupita. Wao wanagombana kwa ajili ya mpira wa wanafunzi.

Musicheke bado. Uwanja wa chuo kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, unaingiza watu zaidi ya 107,000. Stade des Martyrs yetu ya Kinshasa ni 80,000. Na hao wanaoujaza si wanafunzi peke yao. Wamo wababa wenye mvi, waliomaliza masomo zamani sana, wamejipaka rangi usoni kama watoto wa sikukuu. Mechi ni Jumamosi. Kijana wa miaka 19 akiangusha mpira, Jumapili kanisani mzee hasalimii mtu.

Kule Alabama kuna mji unaoitwa Auburn. Timu ya chuo ikishinda, watu wanakimbilia kona moja ya mji na kurusha karatasi za chooni juu ya miti, mpaka matawi yote yanakuwa meupe. (Karatasi inayonunuliwa kwa pesa, wamama!) Mwaka 2010 Auburn ikawashinda jirani zao wa chuo cha Alabama. Shabiki mmoja wa Alabama akaona uchungu hata akaimwagia ile miti sumu, kisha akapiga simu redioni kujisifu. Miti ikafa, yeye akaingia gerezani. Mwanafunzi hata mmoja hakumtuma.

Lakini katika wazimu huo tuna mtoto wetu. Dikembe Mutombo alifika chuo cha Georgetown, Washington, mwaka 1987, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akaona mita 2.18 zikipita, akamwita kwenye basketi. Mashabiki wa pale wana kilio chao, «Hoya Saxa», nusu Kigiriki nusu Kilatini, maana yake ni kama kusema «mawe gani haya!» Wanakipiga kwa nguvu zote. Kila mara Mutombo alipozuia mpira wa adui, walitundika picha ya mkono mkubwa chini ya goli, mkono juu ya mkono, kama nguo kwenye kamba.

Mimi najiuliza: alipofaulu mtihani, nani alitundika mkono? Kijana alifika na Kiingereza kidogo sana, akaanza kujifunza lugha huku akicheza. Alitoka mwaka 1991 na diploma ya mambo ya lugha na ya diplomasia. Daktari hakuwa. Alijenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa mwaka 2007, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie. Alipokufa mwaka 2024, goti lake lilikuwa limepumzika miaka mingi, lakini hospitali ilikuwa inapokea wagonjwa.

Nasema haya kwa sababu kati yetu wako wenye watoto wanaoinama kupita mlangoni, na mtu anaweza kuja siku moja kusema: «Mama, nipe huyu, nitamfikisha Amerika.» Tangu 2021 wachezaji wa vyuo vya kule wanaruhusiwa kulipwa kwa ajili ya jina lao, ndiyo. Lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi anabanwa na sheria za kazi, hapati kama wenzake. Na msaada wa minervali mara nyingi ni wa mwaka mmoja mmoja.

Kwa hiyo mgeni huyo mumkaribishe, mumpe kiti. Kisha mumuulize: goti likivunjika, nani atalipa masomo? Diploma ataipata mwaka gani? Na atasoma faculté gani? Akijibu «basketi», mumpe maji ya kunywa, na mumsindikize mpaka barabarani.