Shabiki wa Nje ya Ukuta

Nasikia watu wakisema kwamba muziki wa dansi umekufa. Wanaosema hivyo aghalabu ni wale wanaojiita mashabiki wake wakubwa. Nami nilikuwa mmoja wao, na kwa hiyo nina haki ya kuwauliza: ameuawa na nani marehemu huyu mnayemlilia?

Bendi yangu ni Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde. Ilianzishwa mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Nyimbo zake nilizijua kwa redio kabla sijawaona wapigaji kwa macho. Nilizinasa kwenye kaseti, nikabishana na wana Msondo hadi tukakaribia kushikana mashati. Mtu akiniuliza kama naipenda bendi hii, nilimwona amenitukana.

Basi mwaka 2012, Jumamosi moja usiku, Sikinde walikuwa wakipiga katika baa ndogo isiyo mbali na kwangu. Mimi na rafiki yangu tulikwenda kama ilivyokuwa desturi yetu, yaani tulikaa nje. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na kibanda cha vinywaji na viti vya plastiki. Kiingilio kilikuwa Sh. 5,000/=. Rafiki yangu alikuwa na msemo wake: "Kuna nini humo ndani ambacho hatukisikii hapa?" Kwa miaka mingi niliuona msemo huo kuwa ni busara.

Usiku ule ikanyesha mvua. Kibanda hakikuwa na paa la kutosha, nikalipa nikaingia.

Ndugu msomaji, nilikuta watu 26, ukiwatoa wahudumu. Jukwaani walikuwa 12. Wapulizaji walisimama karibu nami kiasi cha kuona jasho likidondoka kwenye saksafoni. Wimbo ulianza taratibu, waimbaji wakasimulia kisa chao, kisha magitaa yakashikana na muziki ukafika pale pa kuchemka. Ndipo nilipoona jambo ambalo ukuta ulinificha miaka yote. Mama mmoja aliinuka kucheza, mpiga gitaa la solo akamtazama miguu, akaurudia mkong'osio ule ule, akaugeuza kidogo, akaurefusha kwa ajili yake. Laiti mama yule angekaa kitini, wimbo ungekwisha mapema. Dansi hukamilishwa na anayecheza, na aliye nje ya ukuta husikia mabaki tu.

Wakati wa mapumziko nilizungumza na kijana wa mlangoni. Akaniambia kwamba kati ya wale 26, tisa hawakulipa. Huyu anamjua mwimbaji, yule ni jirani wa mpiga ngoma, mwingine ni "wa nyumbani". Piga hesabu mwenyewe. Watu 17 kwa Sh. 5,000/= ni Sh. 85,000/=. Gawa kwa wanamuziki 12, hata Sh. 8,000/= kila mmoja hazifiki, na hapo hujatoa gharama ya gari la kubebea vyombo. Bia zote zilizonywewa ni mali ya mwenye baa. Bendi ilitegemea mlango.

Nilipochungulia nje, mvua ilikuwa imekatika. Niliwahesabu waliokuwa wakicheza barabarani, nikafika sitini nikaacha. Wengi walikuwa vijana, wale wale tunaoambiwa hawaupendi muziki huu.

Najua nitakavyojibiwa. Wataniambia kosa ni la mashirika yaliyomiliki vyombo, hata mwanamuziki akihama aliondoka mikono mitupu. Wataniambia redio ilirusha nyimbo miaka nenda rudi bila mirabaha ya maana, wezi wa kaseti wakatajirika, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ikaja mwaka 1999, watu wameshazeeka. Yote hayo ni kweli. Lakini ni nani kati yao aliyenishika mkono nisitoe Sh. 5,000/= mlangoni? Wala simsemi yule anayehesabu nauli ya kurudi nyumbani. Nawasema wenzangu tuliokaa kibandani tukinywa chupa tatu, nne, kwa fedha inayozidi kiingilio, tukijisifu kwamba tumewahi.

Mwaka 2013 Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA, Mlimani Park, OSS na kisha Msondo, alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka hamsini katika muziki. Ikajulikana kwamba hakuwahi kumiliki gari. Kijana Diamond Platnumz akampa moja, na nchi nzima ikashangilia. Nami nilishangilia. Kisha nikaona haya, maana zawadi ile ilikuwa pia hati ya mashtaka juu yetu. Mzee yule alitufurahisha nusu karne, na deni letu akalilipa mtu aliyezaliwa wakati bendi zile zimekwisha kupata umaarufu. Gurumo alifariki Aprili 2014, tukajaa msibani.

Katika misiba ndipo tunapojifanya watu. Niliwahi kutoa Sh. 20,000/= za rambirambi kwa ajili ya mpulizaji mmoja, nikaandikwa daftarini, nikajiona mwungwana. Njiani nikakumbuka kwamba katika uhai wake wote sikuwahi kulipa kiingilio hata mara nne kumsikiliza. Nilimpa maiti kile nilichomnyima mtu aliye hai, na yeye asingeweza tena kukinunulia watoto unga.

Kwa hiyo nakataa kusikia kwamba dansi limekufa kwa sababu ukumbi ni mdogo na watu ni wachache. Udogo wa ukumbi si aibu ya bendi. Wale 12 walipiga mbele ya watu 26 hadi saa tisa usiku, wala hawakukata wimbo hata mmoja. Aibu ni yetu sisi tuliokuwa upande wa pili wa ukuta, tukitingisha vichwa kwa masikitiko na miguu kwa raha.

Rafiki yangu bado ananiita mjinga. Kijana wa mlangoni naye amenizoea, na kila mara hutaka kunipitisha bure. Humwomba anikatie tiketi kwanza, ndipo tusalimiane.