Randa ya baba si chuma chakavu

Matanga yakishavunjwa na wageni wakarudi makwao, familia nyingi hukaa kikao cha kugawa alivyoacha marehemu. Hutajwa nyumba, shamba, mifugo, pikipiki, fedha za benki na za kwenye simu. Kanzu na makoti hupata wenyewe siku hiyo hiyo. Kitu ambacho mara nyingi hakitajwi ni sanduku la vifaa lililo chini ya kitanda au kwenye kona ya stoo: randa, patasi, msumeno, nyundo, pimamaji, au spana zilizofungwa kwenye kitambaa chenye grisi.

Sanduku hilo hukaa hapo miezi. Siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, mtu nyumbani anataka nafasi stoo, na vifaa vilivyolisha nyumba kwa miaka thelathini vinapimwa kwa kilo. Kinachopatikana hakitoshi hata mboga ya wiki. Baadaye mtoto mmoja anakuja likizo, anauliza nyundo ya baba iko wapi, na watu wanatazamana.

Aliyeuza huwa hana nia mbaya. Ameona chuma chenye kutu. Ambacho hakuambiwa ni kwamba ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitu kilichobeba mkono wa baba kuliko picha yoyote ukutani.

Alama za mkono

Picha huonyesha sura ya baba siku moja aliyovaa vizuri. Kifaa huonyesha siku zake zote za kazi. Mpini wa nyundo iliyotumika miaka mingi hung'aa pale kiganja kilipokaa. Randa ya mbao hulainika upande wa kidole gumba. Patasi nayo hupungua urefu, kwa sababu kila inaponolewa kwenye jiwe huacha hapo chuma kidogo. Mtoto anayeshika patasi ya baba iliyobaki nusu anashika hesabu ya milango, vitanda na madawati yaliyotoka mikononi mwa mzee huyo.

Mafundi wengi pia huchoma herufi za majina yao kwenye mpini kwa msumari wa moto, maana vifaa huchanganyika saiti. Herufi mbili zilizopinda kwenye mpini, alizochoma baba mwenyewe, ni saini ambayo haipatikani kwenye hati yoyote.

Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupita kwenye picha ya baba yake kila siku bila kutikisika, kisha siku anaposhika msumeno wake kurekebisha mlango, machozi yanamtoka. Mwili unakumbuka. Anajikuta amesimama kama alivyosimama baba, ameinamisha kichwa vile vile, na kalamu ya risasi ameiweka sikioni bila kujua.

Wataalamu wa maombolezo wamelifikiria jambo hili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba aliyefiwa hupona kwa kukata uhusiano na marehemu na kuendelea na maisha. Mwaka 1996, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichopinga dhana hiyo. Walieleza kwamba waliofiwa wengi huendelea kuwa na uhusiano na wapendwa wao kwa namna mpya, na kwamba jambo hilo si ugonjwa. Kufanya kazi kwa kifaa cha baba ni mojawapo ya namna hizo, tena isiyohitaji maneno. Kwa wanaume wengi waliolelewa wakiambiwa wasilie, inaweza kuwa njia rahisi kuliko zote.

Kifaa hufa kwa kufichwa

Wapo wanaothamini vifaa vya baba kwa kuvifungia kabisa. Wanavifunika kwa gunia, wanakataza watoto kuvigusa, na wakihitaji kupigilia msumari wanaazima nyundo kwa jirani. Nia ni njema, lakini matokeo ni mabaya. Chuma kisichoguswa hushika kutu, hasa ukanda wa pwani ambako hewa ina chumvi. Mpini wa mti ukikauka hulegea. Mchwa nao hawajui urithi.

Kifaa kinachotumika hupanguswa, hupakwa mafuta na hunolewa, kwa hiyo hudumu. Kilichokwisha kushika kutu bado kinaweza kuokolewa nyumbani. Sehemu ya chuma peke yake huloweshwa kwenye siki usiku mmoja, husuguliwa kwa brashi ya waya, huoshwa kwa sabuni, hukaushwa mara moja na kupakwa mafuta ya cherehani. Mpini usiingizwe kwenye siki.

Kuna makosa mawili yanayoharibu vifaa vya urithi. La kwanza ni kupeleka patasi au jino la randa kwenye mashine ya kusaga chuma ili inolewe haraka. Chuma kikipata moto hadi kugeuka rangi ya bluu, sehemu hiyo huwa imelainika na makali hayakai tena. Jiwe la kunolea na maji ni polepole, lakini ndivyo baba alivyofanya. La pili ni kijana mwenye bidii kusugua mpini kwa msasa ili upendeze. Kile anachokiona uchafu ndiyo alama ya kiganja cha babu yake, na ikishaondoka hairudi.

Na mpini ukivunjika? Wengine huhuzunika wakiona kifaa kimekwisha thamani. Ukweli ni kwamba baba mwenyewe pengine aliubadilisha mpini huo mara mbili au tatu. Nyundo iliyotiwa mpini mpya na mwanawe imeingia mikono ya pili, kama ilivyokusudiwa. Kipande cha mpini wa zamani chenye herufi kinaweza kuwekwa kabatini, na nyundo ikaendelea na kazi.

Nani apewe?

Hapa ndipo familia hugombana. Katika nyumba nyingi huchukuliwa kwamba vifaa vya baba ni vya kifungua mimba wa kiume, hata kama yeye yuko mjini, anafanya kazi ya ofisini na hajawahi kushika msumeno. Wakati huo huo binti aliyekuwa akimshikia baba ubao, akimpa spana namba 13 kabla hajaitaja, haulizwi neno.

Cherehani ni mfano mzuri, kwa kuwa katika miji yetu mafundi wengi wa nguo ni akina baba. Zile Singer nyeusi za kukanyaga kwa mguu zenye nakshi ya dhahabu bado zinashona vibarazani. Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851, na kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilifanya kazi tangu 1885 hadi 1980. Kila mashine ina namba yake, na kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa hujulikana. Binti anayerithi mashine ya namna hiyo anaweza kuwaonyesha watoto wake kwamba ni ya zamani kuliko babu yao, na jioni akakunja nayo pindo la sare zao za shule. Kuiuza kwa sababu "kijana wa kiume haitaki" ni kuwanyima wanaoitaka.

Kipimo cha haki ni maswali matatu. Nani amekuwa akikitumia? Nani anakihitaji kwa riziki? Nani anakitaka kwa moyo? Kabla ya hayo yote aulizwe mama. Mara nyingi yeye ndiye aliyepeleka chakula kibandani, aliyedai madeni ya wateja na aliyelinda sanduku hilo baba alipougua. Vifaa hivyo ni vya jasho lake pia.

Wenye haraka ya kuuza wakumbuke kwamba hata sheria hukitazama kifaa cha fundi kwa jicho tofauti. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania imeweka zana za fundi katika orodha ya vitu visivyokamatwa ili kulipia deni lililoamriwa na mahakama. Kenya nayo ina kinga kama hiyo kwa zana ambazo mtu anazihitaji kwa kazi yake. Sababu ni wazi: ukimnyang'anya mtu zana, umeinyang'anya nyumba nzima chakula cha kesho.

Kwa familia za Kiislamu, kila alichoacha marehemu, hata patasi moja, ni sehemu ya mirathi baada ya gharama za maziko, madeni na wasia. Baba anayetaka kifaa fulani kiwe cha mtoto fulani humkabidhi mkononi angali hai, huku akichunga uadilifu kati ya watoto wake. Kwa familia nyingine pia, kukabidhi mapema mbele ya ndugu huzuia maneno mengi baadaye.

Urithi usiwe mnyororo

Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ni kweli kwamba mtoto huokota jambo katika kazi ya mzazi wake. Lakini methali hiyo isigeuzwe fimbo. Kijana aliyesomea uhasibu hajamsaliti baba yake kwa kutofungua kibanda cha useremala. Anaweza kuchukua nyundo moja tu, akaitumia kutundika pazia kwenye chumba alichopanga, na ikatosha.

Yapo pia majumba ambayo kumbukumbu ya baba si tamu. Mtoto aliyepigwa kwa mkanda ule ule uliofunga vifaa hawezi kulazimishwa kuvipenda. Akisema hataki hata kimoja, asiitwe mwana asiye na shukrani. Huenda miaka kumi baadaye akabadili mawazo, huenda asibadili. Ndugu wakimwekea kimoja kimya kimya, watakuwa wamefanya jambo la utu.

Mahali ambapo hakuna mtoto anayetaka, yupo mtu mwingine wa kukumbukwa: kijana aliyejifunza kazi kwa marehemu. Huyo alifagia maranda, alitumwa misumari, alikosea vipimo akafokewa, mpaka akawa fundi. Kumpa randa ya mwalimu wake mbele ya familia ni heshima kwa marehemu, na kifaa kitaendelea kusikika mtaani.

Aanze yeye akiwa hai

Mengi ya maumivu haya hutokana na jambo moja: baba alikufa na maelezo yake. Watoto walibaki na chuma wasichojua kazi yake. Kekee ni ya nini? Kwa nini kuna tupa ya pembe tatu? Timazi hufungwaje? Kifaa kisicho na maelezo ndicho huishia kwenye mizani.

Kwa hiyo baba, au mama mwenye zana zake, asingoje uzee. Jumamosi moja afungue sanduku mbele ya watoto wote, wa kike na wa kiume. Kila kifaa akitaje jina, aseme alikinunua wapi, kwa fedha ya kazi gani, na nani alimfundisha kukitumia. Ikiwa hana ufasaha wa kuhutubia, afanye kazi tu na mtoto mmoja arekodi kwa simu. Dakika tatu za mzee akinoa patasi, sauti yake ikisikika, zitakuja kutafutwa sana.

Kisha watoto washike. Mdogo aanze na msasa na futi, mkubwa apewe nyundo na misumari kwenye mbao mbovu, na vyenye makali vishikwe mzazi akiwa karibu. Watapinda misumari. Watapoteza penseli. Mtoto akivunja kitu siku ya kwanza na akafokewa hadi akimbie, amejifunza kwamba sanduku lile ni la baba peke yake, na hivyo ndivyo litakavyobaki hata baba asipokuwepo. Akielekezwa na kurudishiwa kifaa mkononi, anajua kwamba na yeye ana fungu humo.

Mzazi asiye fundi naye ana zake: jembe, panga la shambani, mizani ya duka, kalamu ya kusahihishia madaftari, sufuria kubwa ya kupikia shughulini. Swali ni lile lile kwa wote. Je, watoto wanajua kitu hicho kimewafanyia nini, na wamewahi kukishika mwenye nacho akiwatazama?

Palipo na jibu la ndiyo, mnunuzi wa vyuma chakavu atapita na mizani yake, na mtu ndani ya nyumba atamwambia kwamba humu hakuna cha kuuza.