Lawama Asiyostahili Mtoto wa Baleni

Wako watu waliozoea kunena kwamba mtoto wa Baleni, katika kisiwa cha Mafia, akiandika Kiingereza kwa makosa, kasoro ni ya akili yake. Neno hili limesemwa mara nyingi mpaka limevaa joho la kweli. Si kweli. Mtoto huyo husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali tangu mwaka 1967; afikapo Kidato cha Kwanza, hesabu na jiografia humkabili kwa Kiingereza, na sarufi ya lugha hiyo hufundishwa kana kwamba yeye hana lugha kinywani.

Itazamwe dosari moja inayochekwa sana, ya kuacha neno “the”. Mtoto huamriwa akariri kanuni. Nani amwambiaye kwamba maana hiyo anayo tangu utotoni? Asemapo “nimeona mnazi”, mnazi ni wowote. Asemapo “nimeuona mnazi”, ni ule ambao msikilizaji naye anaujua. Kiambishi kidogo “u” kimefanya kazi iliyo karibu na ya “the”. Kazi hizo hazilingani kila mahali, maana kwa watu kiambishi hicho hakiachwi kwa hiari namna hiyo. Lakini huo ni mlango, nao umefungwa na amri ya kutosema Kiswahili katika somo la Kiingereza, amri ambayo walimu wengi huivunja kwa kunong’ona.

Vivyo hivyo nyakati. “Mnazi umeanguka jana” ni usemi wa kawaida vinywani mwa wengi. Basi mtoto huandika “has fallen yesterday”, akapigiwa mstari mwekundu. Tena “mvuvi amelala” huweza kuwa usingizi wa sasa hivi, ambapo Kiingereza chataka “is asleep”. Hapo pana fikira, si uzembe. Ama kuchanganya “he” na “she”, lugha inayowatosheleza mume na mke kwa “a” moja haina cha kuombea radhi.

Waingereza walipojifunza Kiswahili hawakujitendea hivyo. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na E. O. Ashton chake mwaka 1944, vyote viwili kwa Kiingereza. Ngeli zilifafanuliwa kwa lugha ya mwanafunzi, kwa mifano na subira, wala hapana aliyeona aibu. Mwanafunzi wa Baleni adai kitabu cha namna hiyo, kimwelezacho Kiingereza kwa Kiswahili. Na mwalimu wake adai ruhusa ya kukifungua mbele ya darasa.